Chini ya Tanki la Mama

Kitu cha kwanza nilichofundishwa katika karakana ile ya Ruiru kilikuwa kuchoma manyoya ya kichwa cha mbuzi. Nilikuwa nimekwenda kujifunza kuchomelea vyuma. Nilikuwa nimetazama video nyingi kupita kiasi kwenye simu, na nilitarajia kuanza na kipande cha bomba. Fundi akanipa mpira wa gesi wenye mdomo wa shaba, akauwasha, kisha akanisogezea karai kwa mguu.

"Anza na hawa," akasema. "Hawa hawana haraka."

Karakana ilipakana na bucha. Ukuta uliozitenganisha ulikuwa wa mabati, na katika mabati hayo palikatwa dirisha ambalo mwenye bucha alilitumia kupitisha vichwa na miguu kila asubuhi. Sehemu nyingi za kwetu ni hivyo: supu ya vichwa huanzia kwa fundi wa kuchomelea, kwa sababu moto wa gesi huondoa manyoya haraka kuliko makaa. Nilikuwa nimeinywa supu hiyo tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza ilitoka wapi. Sasa nilijua. Ukisogeza moto karibu sana, ngozi inapasuka na mafuta yanakurukia mkononi. Ukiuweka mbali, manyoya yanajikunja tu na kunuka. Ukipata umbali wenyewe, manyoya yanatoweka, midomo ya mbuzi inajivuta nyuma polepole, na meno yanatokeza kana kwamba amekumbuka kitu cha kuchekesha.

Nilikwenda nyuma ya karakana nikatapika chai.

"Graduate amezaa!" fundi akapaza sauti ili hata mwenye bucha asikie. "Leteni maji ya moto!"

Hilo ndilo lililokuwa jina langu pale, Graduate. Nilikuwa na shahada ya takwimu, na nilikuwa bado napanga chumba Kahawa Wendani, kati ya wanafunzi walionizidi furaha, kwa sababu kurudi nyumbani Murera kungekuwa kukubali jambo ambalo sikuwa tayari kulikubali. Niliomba kazi mpaka nikachoka kusoma majibu. Kuchomelea nilikuchagua baada ya kulinganisha kazi zote za mikono kichwani kwa wiki nzima, nikiziondoa moja baada ya nyingine kwa hatari zake. Ajabu ni kwamba iliyobaki ndiyo yenye moto, umeme na moshi.

Fundi hakuwa mtu mbaya wa kuzungumza naye. Alikuwa mnene, mcheshi, mzee wa kanisa lile lile analosali mamangu, na sauti yake ilitosha kuongoza nyimbo bila kipaza sauti. Lakini karakana yake ilinichafua roho. Kofia ya kukinga macho ilikuwa moja, ya watu wote, na sponji yake ya kwenye paji la uso ilikuwa imekunywa jasho la miaka mpaka ikawa laini kama ulimi. Ndani yake palinuka pumzi za watu waliokula vitunguu. Jioni tulipitishiana kikombe kimoja cha maziwa, kwa sababu mafundi wanaamini maziwa huosha moshi kifuani, na ukingo wa kikombe ulikuwa na mafuta meusi ya midomo iliyotangulia. Nilitafuta kwenye simu kama kweli maziwa yanaosha kifua. Hayaoshi. Nikaacha kunywa, wakaniita bibi harusi.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa rodi, zile fito zenye ganda ambazo mashine huziyeyusha ili kuunganisha chuma na chuma. Zilikaa wazi kwenye meza ile ile tuliyooshea vichwa. Rodi ikinyonya maji, moto wake unatema mate badala ya kuungua vizuri, na kiungo kinatoka na vitundu kama maandazi. Nilisema hivyo mara moja.

"Kwani rodi ni mtoto?" fundi akaniuliza. "Unataka tuifunge na shuka?"

Nilizifunga zangu kwa nailoni na kuziweka ndani ya mkebe wa unga. Walicheka mpaka mwenye bucha akachungulia dirishani aone ni nini.

Nilipopata pesa kidogo kwa kufundisha watoto hesabu wakati wa likizo, nilikwenda Thika kununua vifaa vyangu. Nilizunguka maduka ya karibu na eneo la viwanda asubuhi nzima, nikiingia na kutoka, nikirudia maswali yale yale hadi wauzaji wakaanza kunikimbia. Mmoja aliniwekea mezani mashine tatu ndogo za kisasa, zile za kubebwa begani. Zote zilikuwa na umbo moja na uzito mmoja, lakini kila moja ilibandikwa namba kubwa kuliko ya jirani yake.

"Hii ni kali zaidi, buda," akasema akigonga ya tatu. "Hii inachoma hadi meli."

"Meli ya Thika?"

Hakucheka. Nilipitisha ukucha pembeni mwa karatasi ile yenye namba, ikabanduka, na chini yake palikuwa na karatasi nyingine yenye namba ndogo zaidi. Gundi ilinibaki kidoleni, nzito na yenye harufu tamu, na kwa muda nikahisi kichefuchefu kile kile cha vichwa vya mbuzi. Nilikuwa nimedhani uchafu wa kazi hii uko Ruiru tu.

Mwishowe nilinunua katika duka dogo ambalo mwenyewe alikubali nijaribu mashine uani. Mambo niliyoyatafuta yalikuwa machache, ingawa yalininyima usingizi. Kwanza, nyaya nene, kwa sababu waya mwembamba hupata moto na kuiba nguvu. Pili, kibano cha kushika chuma kiwe kizito, kisiwe bati lililokunjwa. Tatu, iweze kufanya kazi umeme unapokuwa dhaifu, maana Murera jioni, watu wakiwasha pampu za maji na kupika, taa zetu hugeuka manjano. Sikununua kubwa kuliko zote. Nilinunua ile iliyoyeyusha rodi bila kukohoa, pamoja na glavu za ngozi, grainda ya kusagia chuma, na kofia yangu mwenyewe. Kofia ile niliinusa pale pale dukani. Ilinuka plastiki mpya, nikafurahi.

Mashine niliipeleka Murera, kwa mama, kwa sababu chumba changu cha Wendani kilikuwa na soketi moja iliyolegea. Mama aliizunguka akiitazama.

"Na haya yote ulisomea chuo?" akauliza.

"La, mama."

"Basi chuo walikuwa wanakufunza nini, baba?"

Huniita baba kwa sababu nina jina la babake, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kiume wa pili. Akiniita hivyo huwa siwezi kukasirika.

Siku hiyo ndipo akaniambia kwamba ameagiza stendi ya tanki. Alichoka kuchota maji kwa ndoo kutoka kwenye pipa, akapata tanki la lita elfu moja, na sasa alitaka liinuliwe juu ili maji yashuke yenyewe hadi jikoni na kwa ng'ombe. Chini ya stendi, katika kivuli chake, angeweka meza ya kukatia mboga za sukuma wiki na kuosha vyombo. Alikuwa amenionyesha mpaka mahali pa kigoda chake. Kazi alikuwa amempa fundi wangu, walikutana kanisani.

"Si ndiye mwalimu wako?" akasema. "Nimeona nikuheshimu."

Niliporudi Ruiru, vyuma vya stendi vilikuwa tayari sakafuni. Nilimwona fundi akikata miguu na vyuma vya mshazari kwa kukadiria kwa jicho. Vyuma vya mshazari ndivyo vinavyoizuia stendi isiyumbe. Vilipowekwa mahali pake vilikuwa vifupi, kila kimoja kikiacha pengo la kuingia kidole. Fundi hakushtuka. Alichukua rodi kuukuu, akaigongagonga hadi ganda lake likamwagika, akaulaza ule waya mtupu ndani ya pengo, kisha akapitisha moto juu juu hadi vyote vikashikana kwa ngozi tu. Niliwahi kuona akifanya hivyo kwenye madirisha na vitanda, na kila mara nilijiambia dirisha halibebi kitu. Baadaye hupakwa fila, ule uji mzito wa mafundi wa magari ambao hukauka kama jiwe, kisha unalainishwa kwa msasa, unapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya fedha. Ukimaliza, kiungo kinang'aa kuliko kiungo cha kweli. Kila karakana niliyoijua barabara ile ilifanya hivyo, na wateja waliupenda ule ulaini wakaupapasa kwa kiganja.

"Fundi," nikasema, "hapo juu kutakuwa na maji. Tani nzima."

"Maji haina miguu, Graduate. Itaenda wapi?"

"Itashuka."

"Sasa si ndiyo mama anataka? Ishuke hadi jikoni!"

Karakana yote ilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa mwoga. Siku zilizofuata nilijadiliana na nafsi yangu kama bunge. Nikisema, nitafukuzwa. Nikisema, mama atamtazamaje mzee wa kanisa Jumapili? Na mimi ni nani, mwanafunzi anayetapika? Huenda stendi isianguke. Labda itasimama mwaka, miaka. Kisha nikakiona kile kigoda, na mgongo wa mama ulioinamia karai la sukuma, na juu yake tani moja ya maji iliyoshikiliwa na waya wa rodi na uji mkavu.

Asubuhi moja fundi akanisogezea mezani kipande cha mbao chenye fila iliyokwisha changanywa, ya rangi ya waridi iliyofifia kama ufizi.

"Paka kwa stendi ya mathe wako," akasema. "Umpakie vizuri, ni mtu wa kanisa."

Meza ilikuwa na miguu ya mbuzi iliyotoka kuchomwa. Mafuta yake yalikuwa yametiririka hadi chini ya ule ubao, na harufu ya kwato na ya fila zilikuwa zimekuwa moja. Nilichovya kidole. Fila ilikuwa vuguvugu kama kitu kilichotoka kinywani mwa mtu. Mkono wangu ulikataa kwenda mbele. Nilijifuta kwenye suruali, nikaokota nyundo ya kubandulia maganda yanayobaki juu ya viungo, nikagonga kiungo cha kwanza kwa nguvu zangu zote.

Waya uliruka kutoka kwenye pengo ukaanguka sakafuni ukilia. Chuma cha mshazari kikabaki kinaning'inia upande mmoja.

"Haiya!" fundi akapiga kelele. "Wee! Unavunja kazi ya watu?"

"Ni ya mamangu."

"Mamako alinipa mimi kazi. Alikupa wewe?"

"Fundi, ona. Imetoka kwa pigo moja."

"Kwani mama atakuwa anapanda huko juu na nyundo? Kila mtu anafanya hivi. Zunguka Ruiru yote, nenda mpaka Thika, uniletee mmoja hafanyi hivi."

Nilichukia kwamba alisema kweli. Nilimpigia mama simu, nikaweka sauti wazi ili fundi asikie nisije nikasingiziwa. Nilieleza vibaya, nikianza katikati, nikirudi mwanzo, nikitaja vipimo ambavyo hakuna aliyeviuliza. Mama alisubiri mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Baba," akasema, "wewe unaweza kuirudia?"

Sikuwa nimelitegemea swali hilo. Nilitaka amgombeze fundi. Nilitaka atafute mtu mwingine, mkubwa, aliyepewa cheti. Viungo vyangu mwenyewe mpaka siku ile vilikuwa vinafanana na kinyesi cha kuku. Hata fundi alikuwa akiviita hivyo. Watu wote walikuwa wananitazama, na mwenye bucha alikuwa dirishani akiwa na kisu mkononi.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi niletee vyuma vyangu," akasema mama, akakata simu.

Fundi akausukuma ule waya kwa mguu. "Sawa. Beba. Ikianguka usitaje jina langu kanisani."

Vyuma vilifika Murera kwa pikapu, na mimi nikaanza kazi ambayo sitaki kuirudia. Niliondoa kila chuma cha mshazari. Nilikata vingine vipya, nikavipima, nikavipima tena, nikamwamsha mama kwa kupima. Nilisaga kutu mpaka chuma kikang'aa, na kingo nikazilaza kidogo ili moto uingie ndani badala ya kupita juu. Nilishikiza kwanza kwa vitone vidogo vya chuma kilichoyeyuka kwenye pembe zinazotazamana, maana ukianza upande mmoja joto huvuta chuma na stendi yote inapinda.

Kisha ikaja zamu ya kuchomelea kwenyewe, na nikaharibu. Nikifikiria umbali wa rodi, nilisahau mwendo. Nikifikiria mwendo, rodi iligusa chuma ikanasa, nikaing'oa kama mtu anayeng'oa kupe. Nilibandua ganda nikaona mabonge na mashimo chini yake, mabaya kiasi cha kunifanya nitazame pembeni. Nikachukua grainda nikayasaga yote. Nikarudia. Nikasaga tena. Mama alinipita na majani ya ng'ombe akaruka nyaya zangu akaenda zake, na hilo lilinitesa kuliko kicheko cha karakana.

Kilichonisaidia kilinichukiza. Nilikuwa nimeinama, kofia usoni, rodi ikitema cheche, nikiwaza mambo kumi, mara harufu ya unywele wangu ulioungua ikapenya chini ya kofia. Cheche ilikuwa imetua kwenye nywele karibu na sikio. Harufu ile ile. Mkono wangu ukakumbuka wenyewe yale makarai ya asubuhi: karibu sana ngozi inapasuka, mbali sana inanuka tu. Ukatulia. Ukashuka mpaka pale pale, umbali wa unene wa rodi yenyewe, na sauti ikabadilika. Iliacha kutema. Ikawa sauti ya mafuta yanayokaanga kitu kwa utulivu, mfululizo, bila kukatika. Nilisogea polepole hadi rodi ikaisha. Nilipobandua ganda, lilitoka zima, na chini yake palikuwa na mstari wenye mikunjo midogo iliyolaliana sawasawa. Nilikaa chini. Sikutaka kuwa na deni kwa wale mbuzi na midomo yao, na bado sitaki, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Viungo vyote nilivifanya asubuhi, kabla umeme haujachoka, na kila kimoja nilikigonga kwa nyundo mpaka majirani wakauliza kama tunajenga kanisa. Sikupaka fila hata tone. Mikunjo ilionekana chini ya rangi, na mama alipoipapasa akasema ni kama mshono wa sweta.

Siku ya kujaza tanki, akina mama wa ushirika wake walikuja kuomba, kama wanavyofanya mtu akipata kitu kipya. Fundi naye alikuja, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akiwa amebeba ndoo ya supu. Sikuhitaji kuifungua kujua ni ya nini. Alizunguka stendi, akagonga mguu mmoja kwa pete yake.

"Umemaliza rodi ya mwaka mzima hapa," akasema.

"Imeshikana, fundi?"

"Hata haijalainishwa. Mteja wa Ruiru angekurudishia." Kisha akachukua kiti cha plastiki, akakipeleka mbali, kule juani karibu na ua.

"Karibu kivulini, mzee," mama akamwambia.

"Hapana, mama. Hapa ni sawa. Naota jua."

Lilikuwa jua la saa saba, la kupasua kichwa. Nilimtazama akijipangusa jasho shingoni, akitupia macho tanki lililokuwa linajaa, na nikaelewa kwamba huyu mtu hajawahi hata siku moja kukaa chini ya kazi ya fundi yeyote, ya kwake ikiwemo. Alikuwa akijua siku zote. Mate yalinijaa mdomoni kama asubuhi ile ya karai la kwanza, nikayatema kwenye nyasi.

Maji yalikuwa yakipanda ndani ya tanki na sauti yake ikizidi kuwa nzito. Chuma kikalia mahali fulani, mlio mfupi, jinsi chuma hulia kinapopokea mzigo. Nilijua ni kawaida. Nilikuwa nimesoma kwamba ni kawaida. Hata hivyo niliushika mguu wa stendi kwa mikono miwili.

Mama akatoka jikoni na karai la sukuma, kigoda kwapani. Akakiweka pale pale aliponionyesha, katikati ya kivuli, akaketi akaanza kukata.

"Mama, ngoja kwanza lijae. Ngoja hata kesho."

"Ulisema ndiyo kwa simu?"

"Nilisema."

"Basi niache nikate mboga, baba."

Nilikwenda jikoni nikachukua kigoda cha pili. Nikakiweka kando ya chake, goti langu likigusa lake, nikachukua kisu. Akanisukumia fungu la sukuma bila kuniangalia. Mmoja wa wale akina mama aliniletea bakuli la supu. Nililiweka chini, mbali na pua yangu. Nilikata sukuma vibaya, vipande vinene, kwa sababu macho yangu yalikuwa juu. Nilikuwa nikisikiliza maji hadi yakafika shingoni mwa tanki, yakanyamaza.

"Kata nyembamba," mama akasema.